UTI au siyo UTI? Mwongozo kamili wa kutambua na kutibu maambukizi ya kibofu

Mama mmoja anayeuza mitumba soko la Memorial hapa Moshi alikaa mbele yangu, akafungua pochi na kumwaga vidonge mezani. Vyote vilikuwa kwenye vipande vilivyokatwa kwa mkasi: sipro nne, flajili sita, azithromaisini moja iliyobaki kati ya tatu, na kapsuli za rangi mbili ambazo hatukuweza kuzijua jina kwa sababu mkasi ulipita juu ya maandishi. "Nesi," akaniambia, "hii UTI imenizoea. Nikiimaliza mwezi huu, mwezi ujao imerudi."

Nikamuuliza: mkojo unachoma ukiwa ndani unatoka, au unachoma ukishagusa ngozi ya nje? Akanyamaza kidogo. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Nje," akasema. "Na kunawasha sana usiku."

Siku ile hakuwa na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Alikuwa na fangasi, na zilizomletea fangasi hao ni dawa zilezile alizokuwa akizimeza kutibu UTI. Antibayotiki inaua pia bakteria wazuri wanaolinda uke, fangasi wanapata nafasi ya kuota, ngozi inawaka, mkojo ukipita unachoma, mtu anasema UTI imerudi, anakwenda dukani kukatiwa vidonge vingine. Amezunguka hapo karibu mwaka mzima.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na wenzake, na wako wengi. Huku kwetu Moshi na Arusha neno UTI limeshakuwa jina la kila maumivu yaliyo chini ya mbavu. Kiuno kikiuma ni UTI, homa isiyoeleweka ni UTI, uchovu ni UTI. Utafiti mkubwa uliofanyika Tanzania, Kenya na Uganda, mkoa wa Kilimanjaro ukiwemo, ulipima mkojo wa watu zaidi ya 7,500 waliofika vituoni na dalili za UTI. Mkojo ulipooteshwa maabara, karibu theluthi moja tu ndio waliokutwa na maambukizi kweli. Waliobaki walikuwa na jambo lingine.

Kibofu kinaambukizwaje

Figo huchuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo unashuka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu, unakusanyika hapo, kisha unatoka nje kwa mrija mmoja. Wadudu wanaoleta ugonjwa mara nyingi wanatoka kwenye mwili wako mwenyewe. Anayeongoza ni bakteria aitwaye *Escherichia coli*, ambaye makazi yake ni utumbo mpana na akikaa huko kwa kawaida hana neno na mtu. Shida inaanza akisogea kutoka njia ya haja kubwa hadi kwenye tundu la mkojo na kupanda juu. Mrija wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, wa mwanaume unafika kama 20. Kwa hiyo mwanamke kuugua kibofu si dalili ya uchafu wala ya tabia mbaya. Ni maumbile.

Hapa niseme mambo mawili ambayo yamevunja amani nyumbani kwa watu.

La kwanza ni choo. Wapangaji wanaochangia choo wanalaumiana kwamba fulani kaniambukiza UTI. Choo kichafu kina magonjwa yake, hasa ya kuhara, lakini si humo UTI inamopatikana kwa kawaida. Choo kichafu kinakuletea UTI kwa njia nyingine: unakikwepa. Unabana mkojo tangu asubuhi hadi jioni, na ili usibanwe unaacha kunywa maji. Bakteria wachache walioingia, ambao wangetoka na mkojo wa saa nne asubuhi, wanapata siku nzima ya kuzaana.

La pili ni tendo la ndoa. Ni kweli kwamba UTI huja zaidi baada ya kukutana kimwili, kwa sababu msuguano unasukuma bakteria waliopo nje waingie kwenye mrija. Lakini maambukizi ya kibofu si ugonjwa wa zinaa. Mume hahitaji kunywa dawa ya UTI ya mkewe, na swali la "umeitoa wapi?" halina msingi. Nimeona wanawake wakificha mkojo unaochoma kwa wiki mbili kwa kuogopa swali hilo, mpaka ugonjwa ukapanda kwenye figo.

Hatua ya kwanza: sikiliza dalili zako vizuri

Maambukizi ya kibofu yana sura yake. Yanaanza ghafla, pengine ndani ya siku moja. Mkojo unachoma ndani ya mrija wakati unatoka. Unabanwa kila baada ya dakika chache, unakimbilia chooni, unatoka mkojo kidogo kama kijiko, unanyanyuka na papo hapo unahisi bado upo. Chini ya kitovu, juu kidogo ya mfupa wa kinena, kuna maumivu ya kubana. Mkojo unaweza kuwa na ukungu, au kuwa na damu kidogo. Damu inatisha, lakini kwa mwanamke kijana mwenye dalili hizo nyingine mara nyingi inatokana na kibofu kilichovimba, na huisha na tiba. Ikibaki baada ya tiba, ichunguzwe.

Mwanamke asiye mjamzito akiwa na mkojo unaochoma pamoja na kukojoa mara kwa mara, na wakati huohuo hatokwi uchafu wala hawashwi ukeni, uwezekano kwamba kibofu kimeambukizwa unapita asilimia 90. Uchafu na muwasho vikiwepo, hesabu inageuka kabisa. Ndiyo maana maswali hayo mawili ni muhimu kuliko hata karatasi ya maabara.

Harufu kali ya mkojo peke yake usiihesabu. Mkojo wa mtu asiyekunywa maji ya kutosha una harufu na rangi iliyokolea.

Na homa? Maambukizi yaliyo kibofuni tu kwa kawaida hayaleti homa kali. Mtu anayetetemeka kwa homa ama maambukizi yamefika kwenye figo, ama ana ugonjwa mwingine kabisa.

Hatua ya pili: jiulize kama ni kitu kingine

Fangasi huwasha, huleta uchafu mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, na mkojo huchoma ngozi ya nje. Uchafu mwembamba wenye harufu kama ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, unaelekea kwenye mvurugiko wa bakteria wa ukeni, na hapo ndipo flajili ina kazi. Kwenye kibofu flajili haina kazi, na inasikitisha ilivyomezwa sana kwa ajili hiyo.

Kisonono, klamidia na trikomonasi navyo huchoma mkojo. Kama kuna usaha, maumivu wakati wa tendo, au mwenza mpya, sema wazi kwa mhudumu. Tiba ya magonjwa hayo ni tofauti, na huko mwenza lazima atibiwe. Maumivu ya tumbo la chini yanayodumu, yakiambatana na uchafu na homa, yanaweza kuwa maambukizi ya kizazi, ambayo yakiachwa yanaziba mirija ya uzazi.

Ukiona damu mwishoni mwa mkojo, matone ya mwisho yakiwa mekundu, na umekulia Pwani, Zanzibar au kanda ya Ziwa ukioga kwenye mabwawa na mito, omba upimwe kichocho. Maumivu makali yanayokuja kwa mawimbi kutoka ubavuni kushuka hadi kinenani yanafanana zaidi na jiwe kwenye figo.

Kuhusu homa ninataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wa Moshi tunapotea zaidi. Utafiti uliofanyika katika hospitali za hapa Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Zaidi ya nusu waliandikiwa kwamba wana malaria. Vipimo vya kina vilipofanyika, wenye malaria hawakufika hata 2 kwa kila 100. Robo ya wagonjwa hao hivi walikuwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama: brusela, homa ya mgunda, homa ya Q. Sisi tunaishi na ng'ombe na mbuzi zizini, hatua chache kutoka jikoni. Sasa malaria imepungua kutajwa, na UTI imechukua kiti chake. Mtu mwenye homa ambaye mkojo haumchomi, hakojoi mara kwa mara, kisha anaambiwa "ni malaria kidogo na UTI kidogo", aulize tena. Homa inayokwenda na kurudi kwa mtu anayekunywa maziwa yasiyochemshwa au anayesaidia mifugo kuzaa ina mambo mengine ya kupimwa.

Dalili za kukimbilia hospitali leo, si kesho

Nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo ukiwa na homa na kutetemeka, maumivu upande mmoja wa mgongo chini ya mbavu, kutapika kiasi cha kushindwa kubakiza dawa tumboni, au mkojo ukikata kabisa. Mgongo nisisitize: maumivu ya figo yako juu ya kiuno, pale mbavu za mwisho zinapokutana na uti wa mgongo, na ukigongwa hapo taratibu kwa ngumi unaruka. Kiuno cha kuinama ukifua nguo hakiko hapo. Mzee anayeanza kuchanganyikiwa ghafla naye apelekwe, hata kama hasemi kwamba anaumwa.

Hatua ya tatu: toa mkojo unaostahili kupimwa

Karatasi nyingi za "UTI" zinatokana na mkojo uliochukuliwa vibaya. Mtu anapewa kichupa, anaelekezwa mlango wa choo, basi. Anajaza mkojo wa mwanzo, unaokwangua bakteria wote wa nje, na maabara inawaona. Omba kichupa kipya chenye kifuniko, usibebe chupa ya soda au kopo la dawa kutoka nyumbani. Kisha fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha sehemu za siri kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma.
2. Panua mashavu ya uke kwa vidole viwili na uendelee kuyashikilia. Mwanaume asiyetahiriwa arudishe ngozi nyuma.
3. Mkojo wa mwanzo uache uende chooni.
4. Bila kukatisha, ingiza kichupa katikati ya mkojo, kinga kama nusu. Usiguse ndani ya kichupa wala kifuniko.
5. Mkojo wa mwisho nao uache. Funga, peleka dirishani ndani ya saa moja.

Mkojo wa asubuhi, au ule uliokaa kibofuni saa nne hivi, unafaa zaidi, kwa sababu mojawapo ya vipimo inategemea bakteria wawe wamepata muda wa kubadilisha kemikali ya mkojo.

Maabara ya kawaida huchovya kijiti chenye miraba ya rangi na kuutazama mkojo kwa darubini. Kwenye majibu tafuta mistari mitatu. Leukosaiti ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Zikiwepo nyingi kuna mapambano mahali. Naitraiti ikiwa chanya, na dalili unazo, ni ushahidi mzito wa bakteria. Naitraiti hasi haikuvui, kwa sababu wako bakteria wasioitengeneza. Mstari wa tatu ni seli za epithelia, ambazo ni za ngozi. Zikiwa nyingi, mkojo umechanganyika na uchafu wa nje, na jambo la busara ni kurudia kuutoa kabla ya kununua dawa yoyote.

Usikubali kuambiwa "una UTI" kwa sababu ya chembe nyeupe mbili tatu wakati huna dalili hata moja. Na bakteria wakionekana kwa mtu asiye na dalili, kwa kawaida hawatibiwi. Mjamzito ndiye tofauti kubwa, nitamfikia.

Kuotesha mkojo ni kipimo kingine. Maabara inaupanda mkojo kwenye chakula cha bakteria, inasubiri waote, kisha inawajaribu kwa dawa mbalimbali ili kuona ipi inawaua. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu. Si kila mtu anakihitaji. Anayeugua mara ya kwanza, kijana, mwenye dalili wazi, anaweza kutibiwa bila hicho. Lakini kama umeshameza dawa na hujapona, au inarudi mara kwa mara, au una mimba, au ni mwanaume, kiombe kwa jina: "naomba mkojo wangu uoteshwe." Hospitali kubwa kama KCMC wanafanya. Toa mkojo huo kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, kwa sababu dozi moja tu inaweza kuwaficha.

Hatua ya nne: dawa sahihi, siku sahihi

Kwa mwanamke asiye mjamzito mwenye maambukizi ya kibofu tu, dawa ninayopenda kuiona kwenye cheti ni naitrofurantoini. Ni ya zamani, na bado inawaua *E. coli* wengi kwa sababu inakusanyika kwenye mkojo na haisumbui sana bakteria wa sehemu nyingine za mwili. Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 5, ikiwa ni ile inayoyeyuka polepole. Ya kawaida hugawanywa miligramu 50 mara nne. Ile ya kawaida na hii ya polepole zinachanganywa sana, kwa hiyo muulize mfamasia ni ipi uliyoshika. Imeze na chakula, tumbo tupu linaleta kichefuchefu. Mkojo utageuka njano nzito au kahawia kama chai ya rangi, usiogope. Haifai kwa mwenye figo dhaifu, na haitibu figo zilizoambukizwa, kwa sababu haiingii vya kutosha kwenye nyama ya figo. Ndiyo sababu ya kutofautisha kibofu na figo tangu mwanzo.

Septrini iliwahi kuwa tegemeo. Siku hizi bakteria wengi wa hapa nchini wameizoea, kama walivyoizoea amoksilini ya peke yake. Kama maabara imeonyesha bado inawaua wa kwako, siku 3 zinatosha kwa kibofu. Mwenye aleji ya salfa asiiguse. Anayekunywa septrini kila siku kwa kinga, bakteria wake karibu hakika wameshaizoea. Amoksilini yenye klavulaniti inasaidia pale ile ya peke yake inaposhindwa. Fosfomaisini, unga wa gramu 3 unaokorogwa kwenye maji na kunywewa mara moja tu, ni dawa nzuri pale inapopatikana.

Sipro ndiyo inayoniumiza roho. Inauzwa kama peremende. Ni dawa nzito, inaweza kudhuru kano za misuli, hasa ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, na inapaswa kuwekwa akiba kwa figo na maambukizi magumu. Ukiimeza kwa kila muwasho, siku figo zikishikwa utaikuta imeshashindwa. Zile tembe tatu za azithromaisini si dawa ya kibofu. Na sindano tano za seftriaksoni, asubuhi na jioni, kwa mtu anayetembea, anayekula na asiye na homa, ni kumchoma bure. Sindano hizo zina wagonjwa wake: wenye figo zilizoambukizwa na wanaotapika.

Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanza Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza dawa hadi vijijini, na ninayaheshimu. Ila antibayotiki inahitaji cheti, na kipande kilichokatwa kwa mkasi kinahitaji jina. Kabla hujaondoka dirishani, mwambie muuzaji aandike kwenye bahasha jina la dawa, miligramu, mara ngapi na siku ngapi. Kama hela haitoshi dozi nzima, sema. Mwambie, "Kaka, nina elfu mbili tu, ipo dozi kamili ya bei hii?" Dozi kamili ya dawa ya bei nafuu inayofaa ni bora kuliko nusu ya dawa ya gharama.

Wakati dawa inafanya kazi, parasetamoli na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye khanga juu ya kinena hupunguza maumivu. Kunywa maji. Bia haisafishi kibofu wala figo, na mbege pia. Pombe inakuongezea mwasho. Kuchoma kunatakiwa kupungua ndani ya siku mbili. Siku ya tatu ikifika hakuna mabadiliko, usibadilishe dawa mwenyewe. Rudi, mkojo uoteshwe.

Wajawazito, wanaume, watoto

Mama mjamzito anapaswa kupimwa mkojo kliniki hata akijisikia mzima, na bakteria wakikutwa anatibiwa hata bila dalili. Mimba inalegeza na kubana mirija, mkojo unatuama, na bakteria wanafika kwenye figo kwa urahisi. Hapo kuna hatari ya kuzaa kabla ya siku. Asimeze dawa ya dukani kwa kubahatisha. Sipro na doksisaiklini si za mjamzito. Naitrofurantoini hutumika lakini huachwa wiki za mwisho kabla ya kujifungua. Dawa za jamii ya penisilini na sefaleksini hutumika sana. Akimaliza dozi, mkojo upimwe tena.

Mwanaume akiugua kibofu, pawepo sababu ya kutafutwa: tezi dume lililokua, jiwe, mpira wa mkojo, kisukari, au ugonjwa wa zinaa. Baba anayeamka usiku mara nne na mkojo unatoka kwa kudondoka, asipewe vidonge vya UTI tu na kurudishwa nyumbani.

Mtoto mdogo hasemi "mkojo unachoma." Anapata homa isiyo na kikohozi wala mafua, anatapika, anakataa kunyonya, analia akikojoa, au aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mpeleke hospitali. Dozi ya mtoto inapigwa kwa kilo zake, na kuvunja kidonge cha mama vipande viwili ni hatari.

Mwenye kisukari apime sukari yake kila anapougua kibofu.

Inaporudi

"UTI sugu" ni neno linaloogopesha watu mpaka wananunua mizizi ya bei kubwa. Kwa hesabu ya kitabibu, inayojirudia ni ile inayokuja mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 ndani ya mwaka, na imethibitishwa kwa kuotesha mkojo angalau baadhi ya mara hizo. Wengi wanaosema wana UTI sugu hawajawahi kuoteshwa mkojo hata siku moja. Anza hapo.

Kisha maji. Utafiti wa mwaka 2018 uliwachukua wanawake 140 waliokuwa wakiugua kibofu mara kwa mara na kunywa maji kidogo. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu kwa siku. Kwa mwaka mzima hao waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Lita moja na nusu ni chupa kubwa moja ya maji ya dukani. Huku kwetu kikwazo ni baridi ya Juni na Julai, ambapo mtu anashinda na vikombe viwili vya chai. Kunywa maji ya uvuguvugu, yanashuka vizuri. Walio upande wa Mlima Meru, ambako maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi kiasi cha kubadilisha rangi ya meno, wakinge maji ya mvua au wachote chanzo kinachojulikana kuwa kizuri. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi hakuitoi.

Kojoa unapobanwa, angalau kila saa tatu nne. Kwenye basi la Dar, ambako kuchimba dawa ni mara moja au mbili safari nzima, usiache kunywa maji kabisa. Kunywa kidogo kidogo na ushuke kila linaposimama. Wagumu, yaani wapagazi, na waongozaji wanaopanda mlima wanajua baridi inavyoua kiu. Wanywe kwa ratiba, bila kusubiri kiu.

Kojoa baada ya tendo la ndoa. Ukitawaza, peleka mkono kutoka mbele kwenda nyuma, na wafundishe mabinti tangu wadogo. Ndani ya uke usiingize sabuni, limau, dawa ya kuua vijidudu wala zile dawa za kujibana. Vyote vinaua bakteria walinzi. Nje, maji yanatosha. Povu na jeli za kuua mbegu za kiume zinaongeza UTI, kwa hiyo anayezitumia na kuugua mara kwa mara azungumze na nesi kuhusu njia nyingine ya uzazi wa mpango. Mama aliyekoma hedhi ana tiba yake nzuri: krimu ya homoni inayopakwa ukeni, kwa cheti cha daktari, hupunguza kurudi kwa maambukizi.

Yule mama wa Memorial alitibiwa fangasi na tukakubaliana asimeze antibayotiki bila kupimwa. Baada ya miezi miwili alirudi, safari hii mkojo ukichoma ndani na kubanwa kila dakika, hakuna muwasho. Ukaoteshwa, *E. coli* akaota, sipro ikagonga mwamba, naitrofurantoini ikafanya kazi kwa siku tano. Nilimuuliza saa ngapi huwa anakwenda chooni akiwa sokoni. "Sitoki, nesi. Nani ataniangalizia mzigo?" Sasa wamepangana na mwenzake wa meza ya pili: saa nne anatoka mmoja, saa nne na nusu mwingine, na saa nane wanarudia. Chupa ya lita moja na nusu inakaa chini ya meza, karibu na marobota, na ikifika jioni lazima iwe tupu.